Usukani wa Mzee Haule na Mpunga wa Mama Mkwe

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, mchana kweupe, nikiwa nimelala chali.

Nimelisema mapema ili mtu asidai nimeficha. Najua video imeshawafikia. Ile ya sekunde kumi na moja, aliyoirekodi shemeji yangu Shija badala ya kuja kuninyanyua (shemeji gani huyo?). Tangu saa saba mchana mnanitumia vikatuni vya kulia machozi kwa kicheko. Sawa. Lakini sekunde kumi na moja hazielezi kitu. Mnaona miguu, mnaona mpunga, mnasikia kuku. Hamjui nilitoka wapi, nilikwenda kufanya nini, wala nani hasa alaumiwe. Tulieni niwaeleze.

Kwa msionijua, mimi ni Faustini, fundi baiskeli wa hapa Ifakara. Kibanda changu kipo jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nashika spana. Ukiona baiskeli zinapita mjini hapa bila kulia-lia, nusu ya hizo zimepita mikononi mwangu.

Wiki tatu zilizopita mke wangu, Minza, alirudi kwao Katindiuka. Sababu ni breki. Watu wanaachana kwa mambo mazito, mimi nimekimbiwa kwa breki ya nyuma. Baiskeli yake ya kwendea shamba ilikatika waya wa breki, akaileta kibandani, nikaitundika ukutani, nikamwambia kesho. Ikakaa miezi miwili. (Kesho ya fundi mnaijua, msijifanye wageni.)

Siku moja akaja kibandani, akasimama kwenye foleni nyuma ya wateja wawili. Mke wangu, kwenye foleni. Zamu yake ilipofika akasema, "Samahani fundi, kuna baiskeli yangu niliileta hapa." Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu, nakubali. Kesho yake asubuhi akachukua begi akaondoka kwa miguu, baiskeli akaniachia pale pale ukutani iniangalie.

Kilichoniuma zaidi ni jina. Tangu tumzae binti yetu, ambaye sasa yuko shule ya bweni, Minza hajawahi kuniita kingine zaidi ya Baba Neema. Tangu siku ile ya foleni mimi ni fundi. Hata kwenye simu. "Hujambo, fundi." Jamani, heri angenitukana.

Kwa hiyo jambo lililokuwa mbele yangu lilikuwa moja tu. Niende kwa wakwe, nikae mbele ya baba mkwe, nisemwe, ninyamaze, nirudi na mke wangu. Wakwe zangu ni Wasukuma walioingia bondeni na ng'ombe zao miaka mingi iliyopita, na heshima ya mkwe kwao si mchezo. Mama mkwe humkaribii. Humwangalii usoni. Mkikutana njiani, unapisha, unainama, unasalimia ukitazama majani. Miaka kumi na tano nimefuata hilo bila kukosea hata siku moja. Nataka hilo likae kichwani mwenu, maana tutalihitaji.

Nilikuwa nasubiri kuitwa. Na wakati nasubiri, jana akaja Mzee Haule.

Mzee Haule ni mstaafu wa shamba la miwa. Mgongo wake umekwisha. Akiinama hawezi kuinuka, akiinuka hawezi kuinama, na baiskeli hizi zetu za kawaida daktari amemkataza. Basi mwanawe aliyeko ughaibuni akamtumia baiskeli ya kulala.

Najua hamjawahi kuiona, hata mimi sikuwahi. Ni baiskeli ya magurudumu mawili kama nyingine, ila haina tandiko, ina kiti cha kuegemea. Unakaa umelala, miguu imetangulia mbele, pedeli ziko mbele ya gurudumu la mbele, juu kidogo. Cheni yake ni ndefu, ingetosha baiskeli mbili na kipande kikabaki. Na usukani unatoka katikati ya mapaja, unapanda juu ya bomba refu hadi kifuani.

"Fundi," Mzee Haule akaniambia, "hii kitu inataka kuniua. Nikikanyaga, magoti yanagonga usukani. Nikikata kona, usukani unanigonga tumbo. Mwanangu amenunua kwa kipimo cha Wazungu."

Nikamwambia mzee, umefika.

Na hapa naomba haki yangu, kwa sababu kazi ile niliifanya vizuri. Siku nzima. Kwanza nikavuta pedeli nyuma zilingane na miguu yake, maana mzee ni mfupi, nikapunguza na cheni. Halafu ndipo nikaja kwenye usukani. Mabomba yake ni mawili, la ndani linaingia kwenye la nje, yanashikwa na kibano chenye bolti mbili. Ukilegeza, unapandisha au unashusha. Chini kuna kiungo kingine, hicho unalaza usukani kuja kwako au kwenda mbele. Ukiushusha sana, magoti yanagonga. Ukiupandisha sana, huoni njia. Ukiulaza sana kwako, kona zote unakatia tumboni. Nikapandisha, nikashusha, mzee akakaa, akainuka (kwa tabu), akakaa tena. Mpaka alasiri. Mwisho viwiko vikakunjika kidogo, magoti yakapita chini bila kugusa, macho yakaona mbele. Mzee akatulia, akashusha pumzi.

"Hapa," akasema. "Hapa usiguse tena."

Nikachora mstari kwa chaki kwenye bomba, mahali penyewe hasa. Nikamwomba aniachie baiskeli nikaze nati za mwisho, aje kuichukua leo saa kumi jioni.

Sasa tuje leo. Saa mbili asubuhi Shija anapiga simu. "Shemeji, baba anasema uje leo kabla ya saa sita. Mchana anapanda treni kwenda Chita kwa mjomba, hatarudi mpaka mwezi uishe. Na wazee wawili ameshawaita wakusikilize."

Leo au mwezi ujao. Nikafunga kibanda.

Mtauliza kwa nini sikupanda bodaboda. Swali zuri. Baiskeli yangu mwenyewe haikuwepo, nilishaing'oa rimu nikampa mteja. Baiskeli ya Minza haina breki, na kuingia nayo kule kungekuwa kujipeleka polisi na kielelezo mkononi. Bodaboda zilikuwepo, ndiyo, nne, nje ya kibanda. Lakini ukweli ni kwamba mafundi wote tuna ugonjwa mmoja, tunauita majaribio. Ukishatengeneza baiskeli ya mtu lazima uijaribu. Na majaribio kwa kawaida yanaelekea mahali ambapo fundi ana shughuli zake. Msinihukumu peke yangu, waulizeni mafundi wote wa bonde hili kama kuna aliyewahi kwenda msibani kwa baiskeli yake mwenyewe.

Na nilitaka wanione. Nakiri. Baba mkwe siku zote ananiita mgonga nyundo. Nilitaka aone kwamba mkwewe anakabidhiwa mitambo kutoka ughaibuni.

Shida ikawa moja. Baiskeli ilishapimwa kwa Mzee Haule, na mimi nina miguu mirefu kuliko mzee kwa kiasi cha kutia huruma. Nikakaa, nikakanyaga mara moja, goti likagonga usukani mpaka nikaona nyota. Kwa haki ningesogeza pedeli mbele, lakini hiyo ni kuongeza cheni tena, kazi ya saa nzima, na muda sina. Nikaona njia fupi. Nipandishe usukani.

Nikalegeza kibano, nikavuta bomba la ndani juu, juu, likapita alama ya chaki, likapita mstari mwekundu uliochorwa kiwandani. (Mstari mwekundu nilidhani ni pambo.) Magoti yakapita. Lakini bomba sasa limebaki na ncha tu ndani ya kibano, linacheza. Hapo nikafanya kile ambacho fundi yeyote wa hapa angefanya akiwa na haraka: nikakata kipande cha tyubu kuukuu, nikalizungushia bomba, nikakaza. Mpira wa tyubu kwetu ni dawa ya kila kitu. Karia imelegea, mpira. Kengele inacheza, mpira. Mguu wa kitanda umepasuka, mpira. Nikautingisha usukani, ukatulia. Nikajipongeza kwa sauti.

Nikavaa shati jeupe na suruali ya kitambaa. Nikanunua mfuko wa sukari wa kupeleka kwa wakwe. Na mfuko nikautundika wapi? Mnajua nilipoutundika. Kila mtu Ifakara anatundika mfuko kwenye usukani. Tangu utotoni tunatundika kwenye usukani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna usukani usiotundikwa kitu.

Nikatoka saa nne.

Mjini nilikwenda vizuri. Barabara zetu ni tambarare, baiskeli ile inateleza yenyewe. Tatizo lilikuwa watu. Kwanza, ukiwa umelala kule chini unawatazama watu wote viunoni. Pili, salamu. Nilikutana na mzee mmoja ninayemheshimu, mtu wa kanisani kwetu, na mtu wa namna ile huwezi kumpita bila kushuka au angalau kuinua mkono na kuinamisha kichwa. Mkono siwezi kuinua, nitaanguka. Kichwa nikikiinamisha, ninaangalia tumbo langu. Nikasema, "Shikamoo, mzee," nikiwa chali, nyayo zimemwelekea yeye.

Akasimama. "Faustini? Umeanguka?"

"Hapana mzee, naendesha."

"Unaendesha umelala?"

"Ndiyo, mzee."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Marahaba hakunipa mpaka sasa.

Mbele kidogo akina mama waliokuwa wamebeba ndoo wakapisha pembeni. Mmoja akasema pole sana kaka, mwingine akamuuliza mwenzake huyu mgonjwa anasukumwa na nani. Nikasikia vizuri kabisa. Mgonjwa! Mimi, fundi wa miaka kumi na tisa, nimevaa shati jeupe.

Nilipoiacha barabara kuu na kuingia ya vumbi kuelekea Katindiuka, nikaanza kuona kitu. Mwanzo usukani ulikuwa usawa wa kidevu. Baada ya mashimo machache ukawa usawa wa kifua. Nikasema labda nimekaa vibaya, nikajivuta juu kitini. Mashimo mengine machache, goti likagusa sukari. Nikajivuta tena. (Ningesimama, nikakaza, yote haya yasingetokea. Spana ilikuwa mfukoni. Lakini nilishawaona ng'ombe wa shemeji mbali kule, na Shija mwenyewe amesimama nao, amenyanyua simu. Mtu anayerekodiwa hasimami kukaza nati.)

Sasa nyumba ya wakwe ipo hivi. Barabara inakuja moja kwa moja, halafu inakata kushoto. Usipokata, mbele yako ni uwanja wao. Na msimu huu kila uwanja hapa bondeni umeanikwa mpunga. Wametandaza turubai mbili kubwa, na mama mkwe alikuwa katikati yake, peku, anaupindua mpunga kwa miguu taratibu kama wanavyofanya, mstari baada ya mstari. Pembeni, kivulini kwenye ukuta, viti vitatu. Baba mkwe na wale wazee wawili. Na kiti cha nne kimeachwa wazi. Changu.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nisimame mbali, nishuke, nikung'ute vumbi, niinamishe kichwa, nizunguke kwa nyuma ili nisimkaribie mama mkwe. Hatua hamsini kabla ya kona nikagusa breki.

Sikuigusa. Mikono ilikwenda chini na usukani. Mpira wa tyubu ulijikunja, bomba likazama lote kwa mkupuo mmoja, usukani ukatua mapajani kwangu na mfuko wa sukari juu yake. Breki zote mbili zikabanwa kwenye mapaja. Nikataka kukata kushoto, paja la kushoto likakataa. Nikataka kulia, la kulia likakataa. Nikatoa miguu kwenye pedeli niisimamishe baiskeli kwa visigino, lakini baiskeli ile miguu iko mbele na juu, haifiki chini kwa urahisi namna hiyo. Ikabaki hewani. Imetanuka. Inaelekea kwa mama mkwe.

Mimi nilichoweza kufanya nilikifanya. Nilipiga kelele, "Pisheni!"

Mwaka wa kumi na tano wa ndoa, na hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia mama mkwe nikimtazama usoni.

Mama alipisha. Kwa umri wake, nawaambia, aliruka. Mimi nikaingia kwenye mpunga, nikapita turubai ya kwanza, nikaikunja ya pili, nikasimama kwenye kichuguu cha mpunga ambacho nilikitengeneza mwenyewe kwa kuusukuma. Baiskeli ikalala ubavu. Mimi nikabaki chali, miguu imenaswa kwenye cheni na turubai, nyayo mbili juu, mbele ya yule mama. Mfuko wa sukari ulikuwa umepasuka. Sukari yote ndani ya mpunga. Halafu kuku wakaja, wote, na wa jirani.

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga, akanigeuzia mgongo. Alifanya vile kunistiri mimi, hilo ndilo lililonimaliza. Nikaona mtu mzima huwezi kunyamaza tu, lazima useme kitu. Nikajitahidi kwa Kisukuma chote nilichonacho.

"Mwangaluka, mayu," nikasema toka chini, yaani habari za asubuhi, mama.

Hakugeuka. "Mwangaluka," akajibu ndani ya kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mpaka sasa sijui kama alikuwa analia. Shija anasema hakuwa analia.

Baba mkwe hakuinuka kitini. Alinitazama, akaitazama baiskeli, akawatazama wazee wenzake.

"Mkwe," akasema, "tulikuandalia kiti."

Mzee mmoja akaongeza, kwa upole kabisa, "Mwacheni. Labda amechoka, ametoka mbali."

Ndipo Minza akatoka ndani.

Hapa nilijiandaa kwa lolote. Acheke, alie, arudi ndani afunge mlango. Hakufanya hata moja. Alikuja, akafukuza kuku, akaninasua miguu kwenye cheni bila kuniangalia, akaiinua baiskeli. Akachuchumaa mbele ya kibano. Akaingiza kidole, akavuta kile kipande cha tyubu, akakiinua juu wazee wakione.

"Mpira," akasema.

Huyu mwanamke amenishikia taa, spana na bisibisi kwa miaka kumi na tano. Kila kitu ninachokijua anakijua, na anajua pia kile ninachokifanya nikiwa na haraka.

"Baiskeli ya nani?"

"Ya mteja. Mzee mmoja, mfupi. Nilishaimaliza jana, mimi mwenyewe ndiye..."

"Uliimaliza wapi?"

Nikavuta bomba juu, nikamwonesha mstari wa chaki. Akaupitisha kidole. "Siku ngapi ulifanya kazi hii?"

"Moja."

"Nzima?"

"Nzima."

Akawageukia wazee. "Baba, mmesikia wenyewe. Mzee wa watu amepewa siku nzima, na haki yake, kazi ni nzuri. Mimi nimekaa miezi miwili naomba waya wa breki. Sina neno lingine."

Kikao kikaishia hapo. Hotuba niliyoitunga njia nzima sikuitoa hata neno. Baba mkwe akaniuliza kama mke wangu amesema uongo. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nina lolote. Nikasema ninaomba ufagio. Nikafagia ule mpunga, nikaupepeta, nikaokota mchanga, na wale wazee wawili wakiwa wamekaa wananitazama kama wanatazama mpira wa miguu. Sukari haikutoka. Mama mkwe alituma ujumbe kupitia kwa Shija kwamba niiache hivyo hivyo, wali wa mwaka huu watakunywa na chai.

Nilipomaliza, Minza alikuwa ameshakata kipande cha bati la kopo, amekizungushia bomba badala ya mpira, ameuweka usukani kwenye chaki yangu, anakaza kwa spana aliyoitoa mfukoni mwangu. Akalinyoosha gurudumu kwa magoti. Kisha akaketi.

Na hapa nikasikia hasira ya kweli, maana ilimkaa. Viwiko vimekunjika kidogo, magoti yanapita chini, macho yanaona mbele. Kipimo cha Mzee Haule ni kipimo cha Minza. Siku nzima ya kupandisha na kushusha, kumbe nilikuwa ninampimia mke wangu, na sikulijua.

"Mwenyewe anaifuata saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi."

"Basi naipeleka mimi. Wewe huaminiki nayo." Akatia kanga vizuri miguuni, akajifunga nyingine, akamwambia baba yake kwamba anafika mjini kuhakikisha mali ya watu inarudi salama, hakusema zaidi ya hapo. Begi hakuchukua. Niliangalia sana. Hakuchukua.

Akaondoka. Mimi nikafuata kwa miguu, na mpunga ndani ya shati. Njia nzima watu walikuwa wanamshangilia. Wale wale akina mama wa ndoo, waliosema mimi ni mgonjwa, walimpigia vigelegele. Yule mzee wa kanisani, nimesimuliwa, alimkuta njiani, Minza akapunguza mwendo, akainua mkono mmoja (mkono mmoja, jamani), akasema shikamoo, akapewa marahaba mbili. Mimi nilipofika nikaulizwa kama nimepona.

Saa kumi kasoro robo nikaingia kibandani, jasho tupu. Mzee Haule alikuwa ameshafika, ameketi kwenye baiskeli yake, anajaribu usukani. "Safi," akasema. "Ila naona umebadilisha hapa, umetia bati. Imetulia kuliko jana." Nikamwambia ahsante. Minza alikuwa amesimama pale pale kwenye foleni, nyuma yake, mikono ameikunja. Foleni ya mtu mmoja.

Nikaishusha baiskeli yake ukutani. Nikatoa waya mpya. Nikapitisha, nikakaza, nikasawazisha vipande vya breki, nikatia mafuta, na kwa kuwa nilishaishika, nikapima na usukani wake. Ulikuwa juu sana. Miaka yote hiyo amekuwa akiendesha mabega yameinuka, na mimi namwona kila siku. Nikashusha vidole vitatu.

Dakika ishirini. Niliangalia simu kabla na baada. Miezi miwili ukutani kwa hizo, na sababu niambieni ninyi.

Akaipanda. Akaenda mpaka kwenye mashine ya kukoboa, akafunga breki, tairi likakwaruza. Akageuza. Akarudi, akafunga tena karibu na miguu yangu. Akatazama barabara ya Katindiuka, akatazama ya nyumbani kwetu. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha mafuta, nafuta nacho mkono uliokwisha takata zamani.

"Begi Shija ataleta kesho," akasema. "Funga kibanda twende, Baba Neema. Una mpunga sikioni."

Sasa ni saa kumi na mbili jioni, niko uani, nakalia upande mmoja kwa sababu ule mwingine una alama za cheni. Yeye yuko ndani, anaitazama ile video kwa mara ya tisa, namsikia akiirudisha pale mama yake anaporuka. Kwa hiyo ninyi naomba msicheke. Mwenye haki ya kucheka ameshapatikana, na breki yake inafanya kazi.